Niliyakosha Majina Nikayanywa

Haya jamani, mliokaa kaeni, mliosimama sogeeni, na mwenye kucheka acheke taratibu, mbavu za kuwaazima sina. Nataka kuwahadithieni siku nilizokuwa nakula peke yangu.

Ilikuwa wakati wa vita vile vya pili, mchele wa melini umekatika. Miye nakaa Kengeja, nyumba ya udongo ya vyumba viwili, na vyote viwili vilikuwa vikubwa mno tangu mke wangu kufariki. Mtoto hatukujaaliwa. Kumpikia mtu mmoja, wallahi, ni kazi nzito kuliko kuchimba kisima kwa kijiko. Nikawa nachemsha muhogo mkavu asubuhi, nautafuna mpaka jioni, nashushia chai ya rangi. Muhogo na chai, muhogo na chai, hata nikaona nikijikuna nitatoa unga.

Basi macho yakaanza. Mchana nilikuwa naweza kukuhesabia miguu ya sisimizi aliyeko Unguja. Lakini jua likianza kuchwa tu, giza linaniingia miye kabla halijaingia dunia. Jioni moja nikamkuta mtu kasimama njiani, nikamtolea salamu, kimya. Nikamwuliza habari za nyumbani, kimya. Nikakasirika, nikamshika bega, nikakamata pembe. Kumbe namwamkia ng'ombe, tena kwa adabu zote.

Mnacheka. Lakini pale kijijini wanaume tukitoka kuswali magharibi tulikuwa tunakula pamoja barazani, nyumba moja moja inatoa sinia kwa zamu. Hapo ndipo mtu anapoulizwa hali yake. Miye nikaacha kwenda, naogopa kukanyaga chakula cha watu, na kusema sioni nikaona haya. Alasiri nakomea mlango. Navisikia vicheko vyao kwa mbali, namjua kila mmoja kwa kicheko chake, na hakuna anayecheka maneno yangu. Mwanzo walidhani naringa. Baadaye wakaacha hata kudhani.

Nikasema potelea mbali, nikaenda hospitali ya mjini. Dresa, bwana mmoja wa miwani, akanifunua macho, akaniuliza nakula nini. Nikamwambia. Akaguna, akachukua karatasi na ile kalamu ambayo ikilowa inatoa wino wa zambarau, akaandika huku anasoma: akseroftoli ya macho, thiamini ya miguu, riboflavini ya midomo, asidi askobiki ya fizi, kalsiferoli ya mifupa. Akasema hayo ndiyo majina ya kitaalamu ya vitamini. Nikawaza, kwa majina makubwa hivi, si ajabu hawajapata kufika Kengeja.

"Vyote hivi viingie tumboni mwako," akaniambia. "Karatasi mpe mkeo."

Aliendelea kusema, naye mwenyewe alikuja kuniambia baadaye kwamba upande wa pili kaandika vyakula vyenyewe, kisamvu kikiwa cha kwanza. Lakini baada ya neno "mkeo" miye sikusikia kitu tena. Kumwambia sina mke, watu wote walio nyuma yangu wangesikia. Nikasema ahsante, nikaondoka.

Kusoma sijui. Na kwetu mtu akiumwa, mwalimu humwandikia aya kwa zafarani kwenye sahani, sahani ikakoshwa kwa maji, mgonjwa akayanywa. Ndiyo kombe. Sasa dresa kaandika, tena kasema viingie tumboni. Ningefikiri nini jengine? Nikaitia karatasi bakulini, nikaisugua, maji yakawa zambarau, nikapiga bismillahi, nikanywa. Yaliyobaki nikayatia chupani, funda moja kila asubuhi kwa siku saba. Majina nikayashika kwa moyo, nikawa nayataja kwa sauti kubwa, maana mle ndani hamkuwa na jina jengine la kuita.

Siku ya saba nikajipa moyo kwamba nimepona. Ilipoadhiniwa magharibi nikatoka. Minazi yote ya Kengeja ilikuja kunipiga kipajini, hata ile ya watu wa mbali. Nikavifuata vicheko mpaka barazani, vikakatika. Mtu akanishika mkono, akanikalisha. Alikuwa rafiki yangu, baraza ni ya nyumba yake, na zamu ya sinia siku ile ilikuwa yake. Akaniuliza nilipotelea wapi, na ulimi umekuwaje zambarau.

Nikaeleza yote, majina, karatasi, bakuli. Nikaeleza na ambalo sijamwambia mtu, kwamba jioni sioni, na kwamba kwangu nakula na ukuta.

Hakuna aliyecheka. Nikaogopa, maana kimya nakijua miye, nimekaa nacho.

Mke wa rafiki yangu nikamsikia mlangoni na sinia, harufu ikanijuza ni la muhogo, kisamvu cha nazi na papa. Akaliweka chini, akalisukuma mpaka likanigusa goti.

"Shemegi," akasema, "kisamvu hapa kipo kila siku. Utakuja kula, au nikuandikie ukanywe kwako?"