Matundu Matatu Ubavuni mwa Baba

Siku ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni ile niliyobishana na daktari huku baba yangu akihema kitandani mbele yetu.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uleule, na hakuna nililokubali bila kubisha. Baba alilima korosho kijijini Makote. Kila msimu alipuliza salfa, ile dawa ya unga, mikoroshoni akiwa amejifunga kitambaa puani, kwa hiyo alipoanza kukohoa sote tulisema ni salfa tu. Msimu ukaisha, kikohozi kikabaki, homa nayo ikaja.

Katika hospitali ya rufaa, daktari, mwanamke mpole, alituonyesha picha ya kifua chake. Usaha ulikuwa umejaa kati ya pafu na mbavu, ukaganda kuwa utando mgumu, ukalibana pafu.

"Tutaingia kwa matundu matatu madogo," alisema. "Moja la kamera, mawili ya vifaa. Hatutapasua kifua."

Nikacheka. Miaka yote nilikuwa nagombana na mafundi wa kienyeji wanaochanja watu chale mbavuni na kudai wametoa ugonjwa. Bibi alichanjwa hivyo mpaka umauti ukamkuta. Nikaona uongo ni uleule.

"Usaha wote huo utoke kwenye tundu la kidole?" nikamuuliza. "Hatusaini fomu yenu."

Akaanza kunijibu, nikamkatiza kwa swali jingine, na jingine tena. Baba akainua mkono.

"Asha, umeuliza maswali saba." Akavuta pumzi. "Daktari kajibu nusu ya moja. Hiyo si elimu, mama, ni kelele. Kifua ni changu. Mwache amalize."

Nikakaa kando ya kitanda. Daktari akaeleza yote, hata kwamba ikishindikana watalazimika kupasua. Baba akauliza moja tu: "Nisipofanyiwa?"

"Usaha huu unaweza kukuua, Baba Asha."

Akasaini.

Baada ya upasuaji, daktari alinionyesha picha zilizorekodiwa na kamera. Mwanangu, niliona vifaa vyembamba vikimenya ule utando taratibu, kama akina mama wanavyomenya ganda la ndani la korosho bila kuivunja. Kisha wakapuliza hewa, na pafu lililosinyaa likainuka, jekundu la kupauka, likakijaza kifua. Nilimwomba azirudie mwanzo, nikatazama mpaka mwisho. Ajabu hiyo yote ilikuwa ndani ya baba yangu, nami nilikaribia kuiacha izimike ili nishinde ubishi.

Baba yupo hadi leo. Nikianza kubisha, ananinyooshea vidole saba.

Usiache kuuliza, mwanangu. Mimi sijaacha. Lakini ukiuliza, tulia usikie jibu mpaka mwisho, hasa pale atakayeumia si wewe. Chale ya fundi na tundu la daktari vinafanana kwa nje. Mwombe kila mmoja akuonyeshe alichofanya ndani, kisha umpe nafasi ya kukuonyesha.

Mungu akujalie pumzi ndefu, na akulindie wale unaowasemea.