Mteremko wa Kabasha Ambao Sikuutembea

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila ikinirudia naangalia chini, hata kama niko peke yangu nyumbani. Nimeisimulia mara nyingi, na mbele utaona kwa nini ilinibidi kuisimulia. Lakini kuzoea kusimulia si kuzoea aibu. Nasikia unajifunza gari, na kwamba unamsukuma anayekufundisha akusainie haraka. Basi kaa hapa karibu. Chai ikipoa tutaipasha tena.

Ilikuwa wakati wa vita. Butembo yetu ilikuwa mikononi mwa waasi, na kila baada ya miezi tulikuwa tunajifunza jina la mkubwa mpya. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza shule ya sekondari, na njia ya kwenda mbali kusoma ilikuwa imekatika. Nilikuwa kijana wa haya nyingi. Darasani nilijua majibu na sikunyanyua mkono. Mambo yangu niliyaambia daftari tu, kila siku, kwa bic ya bluu, na daftari nililificha chini ya godoro. Mama aliniambia, "Kakule, utazeeka mu ile cahier." Labda ndiyo sababu nilikwenda kujiandikisha polisi kama mjitoleaji: nilifikiri kofia itasema kwa niaba yangu.

Polisi wenyewe, wale wenye namba ya kazi tuliowaita batu ba matrikule, walikuwa wachache. Sisi wajitoleaji tulijaza pengo. Gari lilikuwa moja, pikapu nyeupe yenye mlango mmoja uliofungwa kwa kamba. Na mwalimu wa madereva alikuwa mmoja, Muzee Kasereka, mtu wa Kasugho, mfupi, mpole, aliyeendesha tangu wakati wa Zaire. Alikuwa akiligusa gari ubavuni kabla ya kuliwasha, kama mtu anayemwamsha ng'ombe.

Muzee alikuwa na kitabu cha jalada jekundu, na ndani yake vibali vitatu. Cha kwanza kilikuruhusu kusogeza gari ndani ya uwanja na kulisafisha. Cha pili, kuendesha mjini, mchana, bila haraka. Cha tatu ndicho kila mtu alichokiota: kupakia watu, kushuka milima, kwenda mbio kama kuna mgonjwa au hatari. Mjitoleaji aliishia cha pili. Cha tatu kilikuwa cha watu wa matrikule, na hata wao Muzee hakuwapa mpaka wafanye jambo moja lililowachekesha wageni: kushuka mteremko wa Kabasha, kwenye barabara ya kwenda Beni, kwa miguu, wote, kutoka juu mpaka chini.

"Mulima hapana kuujua na magurudumu," alikuwa akisema. "Uujue kwanza na nyayo. Nyayo hapana kusahau."

Siku moja aliniita kando. Aliniambia amenitazama, nashika usukani taratibu, sipigi honi ovyo, na anataka kuniombea kibali cha tatu, mimi mjitoleaji. "Siku ya soko, panda gari yoyote mpaka kule juu. Ushuke na miguu. Kisha uje uniambie."

Nilikwenda, mwanangu. Usifikiri sikwenda. Nilishuka garini juu ya mlima asubuhi, nimevaa sare, daftari mkononi ili niandike kila kona. Kona ya kwanza nikaiandika. Nyuma yangu wakaja wanawake wa soko na mizigo yao ya mihogo, kundi zima, maana siku zile watu walitembea kwa makundi.

"Eh, polisi! Gari yako banakunyang'anya?"

"Hapana, iko anaitafuta mu majani!"

Na msichana mmoja wa umri wangu, sauti kama kengele: "Bamama, angalieni! Anasikia haya sawa bibi-arusi!"

Wakacheka mpaka mihogo ikatikisika vichwani. Ilikuwa mzaha tu, mzaha wa njiani unaofupisha safari. Mtu mwingine angejibu, angecheka nao, angefika chini amepata marafiki. Mimi masikio yalishika moto. Kona ya pili lori la makabeji kutoka Masereka likaja polepole, nikanyanyua mkono. Nilijitupa nyuma, chini ya turubai, kati ya makabeji, na Kabasha yote nikaishuka nimelala, macho kwa turubai. Sikuona hata jani.

Jioni Muzee aliniuliza, "Ulitembeya?"

"Ndiyo, Muzee."

"Yote?"

"Yote."

"Ulikunywaka maji wapi?"

Hapo ndipo wengi walikamatwa. Lakini nilikuwa nimesikia polisi mmoja wa matrikule akisimulia safari yake, kwamba kiu ilimbana akanywa kwenye jiwe kubwa, na Muzee akafurahi. Nikasema, "Kwa jiwe kubwa, Muzee."

Uso wake ulifunguka. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, unapita popote. Nilijua kuna jiwe na kuna maji. Sikujua kwamba yale maji hayakai kwenye jiwe. Yakisha kushiba mvua yanakata barabara kwenye kona yenyewe, na udongo pale unakuwa sabuni. Hilo halisimuliwi. Hilo unalijua ukiwa umeinama kunywa, viatu vimelowa.

Mkubwa wetu wa polisi hakutaka. "Huyu ni volontaire. Kibali ya tatu ni ya batu ba matrikule."

"Mais mukubwa, batu ba matrikule benye kushuka Kabasha tuko nabo wawili," Muzee akajibu. "Na moja iko na malaria. Huyu kijana hapana kusema mingi, lakini akisema, ni kweli. Akianguka, muniandike mimi."

Akasaini. Nilisimama pale nikiangalia mkono wake ukiandika jina langu, na jina lake chini yake. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilishukuru tu. "Wasingya, Muzee," nikasema, kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, ili neno liwe tamu zaidi.

Haukupita muda. Beni waliomba dawa, kulikuwa na majeruhi wengi kule, na dawa zilikuwa zimefika Butembo. Dereva wa matrikule aliyebaki alikuwa ametumwa Lubero kwa pikipiki. Wakaniita mimi. Nilipakia makatoni, na mbele akakaa muuguzi, Mama Kavira, mwanamke mnene wa kwaya ya Waprotestanti, katoni ya chupa za serumu, maji ya kutundikiwa wagonjwa, juu ya magoti kama mtoto. Njia nzima aliimba sauti ya pili ya nyimbo ambazo sauti ya kwanza hakuna aliyeiimba. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake.

Tulipoanza kuteremka Kabasha akaacha kuimba. "Polepole, kijana yangu. Pale mbele iko maji."

Na mimi nikamjibu, Mungu anisamehe, nikamjibu kwa kiburi: "Nilitembeya hapa, mama. Ninajua."

Nikaingia kona ile na vitesse, yaani gia, ya tatu. Nikaona barabara inang'aa. Nikakanyaga breki, jambo ambalo Muzee alitukataza mara mia, na gari likaacha kunisikia. Lilizunguka taratibu, taratibu kabisa, likapiga ubavu kwenye ukingo wa udongo na kulala. Tungeangukia upande wa pili, nisingekuwa hapa kukusumbua na maneno. Nilitoka na mkono umeteguka. Mama Kavira mguu wake ulivunjika chini ya yale makatoni, na chupa karibu zote zilipasuka. Serumu ilitiririka barabarani na maji ya mvua.

Beni walingoja siku mbili zaidi. Sikuuliza ni akina nani waliongoja. Mpaka leo sijauliza, na hiyo ni aibu nyingine ndani ya ile.

Katika biro, ofisini kwake, mkubwa alikuwa na kitabu chekundu mezani. Muzee amesimama, mimi nimesimama, mkono umefungwa shingoni.

"Kasereka, huyu alitembeya Kabasha?"

"Alitembeya, mukubwa."

"Uliona?"

"Hapana kuona. Aliniambia." Akanigeukia. Hakunigeukia kwa mashaka; alinigeukia kama mtu anayemngoja shahidi wake. "Kakule, sema."

Mwanangu, nimesikia risasi katika maisha yangu, nimelala porini na watoto wadogo. Sijasikia kitu kizito kama kile kimya. Niliangalia viatu vyangu. Mkubwa akangoja, akapiga kitabu mezani, akasema basi, ni mwalimu ambaye hajui kufundisha. Alifuta vibali vyote ambavyo Muzee alisaini, watu kumi na mmoja bila kunihesabu mimi, wakaanze upya kwa mtu mwingine. Muzee akapewa panga la kukata majani uwanjani. Nilipopita kesho yake, kijana mmoja wa walinda-mlango alikuwa akimtania: "Muzee, ile majani nayo uliisainia kibali?" Wakacheka. Muzee aliendelea kukata, mgongo umeinama.

Na nyumbani niliandika nini? Hata daftari langu nililidanganya. Niliandika: *Mvua. Gari iliteleza. Mungu anajua.* Nilimwandika Mungu kama shahidi wa uongo wangu, kwa bic ya bluu.

Ilichukua wiki nzima mpaka nikamtembelea Mama Kavira hospitali. Nilimpelekea ndizi. Alikuwa amelala, mguu wake umening'inizwa na kamba.

"Kakule, mutu mwenye alitembeya pale hapana kuingia ile kona na vitesse ya tatu. Hata batoto wa shule banaivuka pale na viatu mu mukono."

Nilianza kupanga zile ndizi pembeni mwa kitanda.

"Hukutembeya."

"Sikutembeya, mama."

Nilidhani atalia au atanifukuza. Alichukua ndizi moja, akaimenya, akaila yote kabla ya kusema. "Mguu yangu itapona. Daktari amesema itapona. Sasa jina ya ule muzee, utaifunga na bandeji gani?"

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na mwanamke anayekula ndizi, na nikashukuru baadaye, lakini siku ile nilitaka ardhi inimeze. Nilitoka pale moja kwa moja mpaka biro. Nilisema yote mbele ya mkubwa na mbele ya wale wa mlangoni. Ile haya yangu yote, iliyonipandisha lori, haikunisaidia kitu. Wakanifungia siku tatu, wakanivua kofia. Sawa. Lakini Muzee nilikuwa nimemchelewa. Alikuwa amerudisha panga, akafunga virago, akaenda zake Kasugho kwa miguu.

Nilipofunguliwa nilimfuata. Nilimkuta shambani, anapanda maharagwe na mke wake. Nilipiga magoti katikati ya mistari. Mke wake akasema, "Utatukanyagia mbegu, inuka," nikainuka, nikapiga magoti pembeni, nikasema.

Muzee alisikiliza akiwa ameegemea jembe. "Mimi nimekusamehe," akasema. "Ile ni kazi ya dakika moja. Lakini Kakule, Butembo yote banasema Kasereka alisaini bongo, uongo mutupu. Bale kumi na moja bananitukana. Mimi nizunguke nyumba kwa nyumba niseme haiko vile? Nani ataamini mutu anayejitetea?"

"Nitazunguka mimi, Muzee."

"Utasikia haya."

"Nitasikia."

Nikazunguka. Nilikwenda kwa wale madereva kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine. Wawili walinipa chai, mmoja alinipiga kofi, wengine walinisikiliza kwenye mlango bila kunikaribisha. Nilisimama baada ya misa kwenye parokia yake, maana Muzee alikuwa Mkatoliki, kisha kwenye hekalu letu la Waprotestanti, kisha sokoni. Watu walicheka. Watu walitikisa kichwa. Nilirudi Kasugho nikiwa nimekonda, nikamwambia nimemaliza.

Akafikiri. "Ulifika Masereka?"

"Hapana, Muzee."

"Kule pia banasema."

Nikaenda Masereka. Mkubwa mpya wa polisi alimtumia Muzee barua ya kumrudisha kazini. Alijibu kwamba maharagwe hayangoji. Mwaka uliofuata aliaga dunia. Kwenye matanga walikuja madereva tisa kati ya wale kumi na mmoja, na ndio waliobeba jeneza. Mimi sikuomba kubeba. Nilitembea nyuma.

Basi hili ndilo ninalokuambia, mwanangu. Kibali si karatasi. Kibali ni mtu aliyeweka jina lake chini ya kosa lako kabla hujalitenda. Anayekuchelewesha hakuonei, anakuamini na anaogopa kwa ajili yako. Ukiambiwa tembea, tembea, hata wakikucheka. Kicheko cha njiani kinaisha kwenye kona inayofuata, na njia ya mwongo ni fupi, lakini kuirudi kunachukua miaka. Na ukikosa, maana utakosa, usingoje uulizwe. Sema siku ileile, wakati aliyekuamini angali amesimama karibu nawe. Haya si dhambi. Mimi nilizaliwa nayo na nitazikwa nayo. Dhambi ni kumwachia mwingine abebe aibu yako kwa sababu wewe unaona haya.

Sasa nenda kwa mwalimu wako, umwambie hauna haraka. Nyamuhanga, Mungu wa babu zetu, akulinde juu ya milima na chini yake, akupe macho ya kuona maji kabla ya gurudumu. Akupe mzee wa kukusainia, na akupe moyo ambao hautamfanya ajute. Siku utakayobeba watoto wa watu, wafike. Wote wafike.