Taulo la Tumboni

“Kwani kukausha watoto nako ni kazi?” jirani mmoja alimuuliza Mama Taulo, enzi hizo akiwa bado mhudumu wa wodi ya wazazi.

“Toka bafuni na maji yako, baba, ukasimame mlangoni,” alimjibu. “Ukimaliza kutetemeka, uje uniulize tena.”

Tulicheka mpaka basi. Lakini kweli kazi yake ilikuwa hiyo. Mkunga alipokea, yeye akakausha: kichwa kwanza, halafu mgongo, kisha makwapa na mikunjo ya shingo. Taulo alikuwa akilifunga tumboni mwake, ndani ya sare, tangu mama anapoanza kusukuma, ili mtoto alikute lina joto.

Kitindamimba wangu alitoka kimya, rangi kama majivu. Nakumbuka kama ndoto: dirisha jeupe, mimi namwomba Mungu, na ile mikono inasugua, inasugua, wala haina papara, mpaka mtoto akakasirika, akalia.

“Huyu ana hasira, ataishi,” akasema.

Sasa mkono wake wa kulia umepooza. Mkwewe humwogesha vizuri tu, ila akishika taulo, bibi humfukuza, akavaa gauni mwili ungali na maji. Nimonia imeshamlaza mara mbili. Daktari kasema ya tatu hataiweza.

“Dada, zungumza naye wewe,” mkwe alinisihi. “Mimi ananiambia yeye si meza ya kufutwa.”

Jumanne, nilipomaliza sala zangu, nikaenda. Nilikaa nje ya bafu nikisikiliza maji yakimwagika kidogo kidogo, kama yanatoka mbali. Taulo nililifunga tumboni, ndani ya gauni, nikaonekana mjamzito kwa umri huu! Mkwe akatoka na ndoo tupu, akaniangalia tumbo, akaziba mdomo asicheke.

Nikaingia. Mama Taulo alikuwa ameketi kwenye kigoda, anaonekana mdogo, mvuke umemzunguka.

“Na wewe umekuja kunifuta?”

Nililichomoa taulo. Aliliangalia, akaliangalia tumbo langu, akanyoosha ule mkono mzima akaligusa lile taulo, bado lina joto. Akakiacha kiganja hapo muda mrefu, macho kayafumba, maji yakimdondoka kwenye nywele, tone moja moja.

Kisha akainamisha kichwa.

“Anzia kichwani, mwanangu. Na usiharakishe.”