Maji Yawe Sikio la Kushoto

Mwaka wa 1962 nilikuwa na miaka minane, na hapo ndipo taabu yangu ilianza. Mvua ilikataa kukatika. Mto ulivunja kingo, nyumba yetu kule Ahero ikabaki paa tu juu ya maji, nami nikapelekwa Dunga, ufukweni mwa ziwa, kwa nyanya, mamake mama, kwa sababu samaki hawaogopi mafuriko. Shule nikaiacha darasa la pili. Sikurudi haraka, na kwa nini nitakueleza.

Nimeyakumbuka haya juzi. Mjukuu wangu anayesoma chuo Maseno aliniambia, "Nyanya, Jumamosi tunaenda haiking. Twende ukanyooshe miguu." Nikamuuliza hiyo haiking ni mnyama gani. Akasema ni kupanda mlima, kupita msituni, kuangalia maporomoko, halafu kurudi.

"Mnabeba nini?"

"Maji na biskuti."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Njia hiyo mimi niliipanda na samaki kichwani, na hakuna aliyenipiga picha.

Wakati ule wanawake wa ziwa walipanda kwa watu wa mlimani kila wiki. Tulibeba ngege na kamongo waliokaushwa kwa moshi, tukarudi na wimbi, mahindi na mikungu ya ndizi. Pesa ilikuwa haba. Samaki kwa nafaka, basi. Tulitoka jogoo wa kwanza, umande ukitulowesha magoti. Kwanza tambarare, halafu bonde lenye miti mikubwa ambako jua halikufika chini. Kulinuka majani yaliyooza, na harufu ya moshi wa samaki wetu ilitembea nasi kama mbwa. Halafu ungesikia maporomoko, kwa mbali kama watu wanaotwanga, kwa karibu kama soko zima linagombana.

Tulipanda kwa mstari mmoja. Mbele alikuwa jirani yetu, mama mmoja mrefu mwenye shingo ya chuma. Huyo akipanda hakufungua mdomo, alisema pumzi ni mali. Penye njia panda alifunga fundo la nyasi kando ya njia ya kufuata, ili waliobaki nyuma wasipotee. Na kulikuwa na sheria moja ngumu: soko la mlimani lilivunjika jua likifika utosini, kwa hiyo mtu wa kuwachelewesha wenzake aliachwa nyumbani. Mwanamke mmoja aliyeumia mguu waliwahi kumwacha hivyo. Hakuna aliyemtukana. Walipita tu mlangoni kwake bila kumwita.

Nyanya alitembea mwisho. Aliwaambia wenzake hapendi kusukumwa. Ukweli ni kwamba macho yake yalikuwa yanazimika, na mimi tu ndiye niliyejua. Aliweka mkono begani kwangu kama bibi anayemhimiza mtoto mvivu, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikimvuta. Nilimnong'onezea: mzizi, jiwe, inama. Ndiyo sababu sikwenda shule. Nyanya akiachwa nyumbani, tungekula nini?

Yeye naye alinipa kitu kimoja tu cha kushika. "Ukipanda, maji yawe sikio la kushoto. Ukishuka, sikio la kulia. Macho hudanganywa, maji hayana muda huo."

Siku moja ilinyesha usiku kucha, tukaachwa nyuma sana. Kufika njia panda, nikatafuta fundo, hakuna. Nyasi zilikuwa zimekatwa fupi fupi, na kinyesi cha mbuzi kimetapakaa. Mtoto wa miaka minane hajumlishi mambo hayo. Nikachagua njia pana, maana njia pana hupendeza.

Hatukwenda mbali, nyanya akasimama.

"Maji yako wapi?"

"Kule."

"Kule wapi? Mimi naona kule? Sikio gani, mtoto?"

"La kulia."

"Basi unatupeleka kwenye jabali tukafe. Geuka."

Kugeuka kwenye lile tope, mguu wake ukateleza. Kikapu kikaruka, samaki wakatawanyika nyasini. Hakulia wala hakujiuliza kama ameumia. Alipiga magoti akaanza kupapasa, nami nikiokota upande wangu. Nilipoinua kichwa, nikamwona yule mama wa mbele. Ameshuka kututafuta. Amesimama, anatazama mkono wa nyanya unavyopita huku na huku karibu na ngege mkubwa aliyelala wazi kabisa, na haumwoni.

"Mama," akasema, "tangu lini?"

Nyanya akakaa pale pale kwenye tope. "Tangu mafuriko."

"Na huyu mtoto ndiye macho?"

"Ndiye. Haya, sema. Sema nikae nyumbani nihesabu mbavu zangu."

Yule mama aliinama. Alimwokota yule ngege, akampangusa kwa leso yake, akamtia kikapuni. Akamwinua nyanya, akamtengenezea ngata, akamtwika. "Mbuzi wamekula fundo langu," akasema. "Twendeni, soko linavunjika."

Wiki nzima nilisubiri tupitwe mlangoni. Siku ya soko, kabla ya jogoo wa kwanza, nyanya alikuwa amevaa tayari, kikapu kimefungwa, ameketi akisikiliza nyayo. Nyayo zikaja. Zikasimama.

"Nyinyi humo ndani, mmekufa? Tokeni!"

Siku hiyo yule mama asiyefungua mdomo alitukana kutoka bondeni mpaka juu. "Nyinyi wa nyuma, mnapanda au mnaomboleza? Angalieni huu mzizi, mnene kuliko mguu wa mume wangu! Jiwe hili la kushoto linateleza kama ahadi ya shemeji! Inameni, hili tawi halijui heshima!" Wanawake walicheka mpaka vikapu vikayumba. Mimi nikadhani amepata wazimu. Ni baadaye, nikiwa mtu mzima, nilipotambua kwamba hakuna tusi lililotoka bila mzizi, jiwe au tawi ndani yake. Nyanya aliifuata sauti ile kama kamba. Katikati ya mlima aliondoa mkono begani kwangu.

"Kesho," akaniambia, "nenda shule."

Nikaenda. Nilifika darasa la nne, nyanya akafariki, nikachukua kikapu chake. Sijutii. Kusoma nilijifunza kidogo, kutembea nilijifunza kabisa.

Basi juzi nikapanda tena. Sasa kuna lango na mtu wa kukata tiketi, na mishale myekundu imechorwa kwenye mawe. Miti imepungua, jua linafika chini. Nilisimama penye njia panda yetu, nikafumba macho, nikasikiliza. Sikusikia kitu. Maji mengi yamechukuliwa na mabomba huko juu, na maporomoko sasa yanateremka ukutani kama jasho. Vijana wote walikuwa na muziki masikioni. Mjukuu wangu alinishika kiwiko kama yai na kuniuliza kila hatua, "Uko sawa, nyanya?" Ni mtoto mzuri. Nilimwambia niko sawa. Sikumwambia kwamba mishale ile siioni vizuri. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, na jicho la pili limeanza kumfuata mwenzake.

Sikuachiwa hata ng'ombe mmoja. Leo nina vyumba vya kupangisha Nyalenda, vyote vina wapangaji. Nina shamba la mpunga Ahero, pale pale maji yalipotufukuza. Nina kibanda cha samaki na friza mbili, ng'ombe watatu, nyumba ya mawe, na watoto waliosoma wote. Nina goti moja zima na masikio mawili mazima.

Mtu wa kunitukana mpaka juu, huyo sina.