Ushuru Wake, Kodi Yangu

Ile bakki, yaani pikapu kwa lugha ya huku, ilinigharimu randi elfu tisini na sita na mia sita. Elfu themanini na nne nilimkabidhi aliyeniuzia, nikiwa na tabasamu. Elfu kumi na mbili na mia sita nilizitoa mpakani, na tabasamu sikulitoa. Mafuta na chipsi za njiani siziweki humu, maana nikiziweka nitashindwa kulala.

Mimi ni fundi cherehani hapa Turffontein, Johannesburg. Nashona sare za shule, na kila mwisho wa mwaka nilikuwa namkodi mtu mwenye gari anibebee marobota ya vitambaa. Mtu huyo bei yake ilipanda kila alipoona nina haraka. Nikaamua kununua bakki yangu.

Mume wa rafiki yangu wa kanisani ni Mkenya, mhasibu. Kampuni yake ilikuwa imempeleka Eswatini, na huko alinunua bakki mpya. Alipotakiwa kurudi Johannesburg, akaamua kuiuza kabla ya kuhama. Alitaka elfu tisini. Nikaenda kuikagua, na jirani yangu Mkongo, mlinzi mwenye leseni ya udereva, akanisindikiza ili aje kuiendesha tukirudi.

"Shemeji, taa hii ina ufa," nikamwambia yule mhasibu.

"Dada yangu, huo si ufa. Ni mwanga umepinda."

"Basi mwanga uliopinda tutautoa elfu tatu."

Tairi la akiba likatoka na elfu mbili nyingine, mikwaruzo ya mlangoni elfu moja. Alipokubali themanini na nne alikuwa anajifuta jasho, nami nikajiona nimesoma kuliko yeye. Nikabakiza swali moja.

"Na ushuru?"

"Ushuru ulishalipwa wote."

Mimi kitu nakiuliza mara mbili. Nikamuuliza tena: "Wote kabisa, shemeji? Nisije nikasimamishwa mpakani."

"Wote, dada. Risiti ninayo. Hakuna deni hata senti."

Tukaondoka, mimi na jirani, yeye akipiga mluzi. Mpakani, upande wa Afrika Kusini, afisa mmoja mwanamke wa rika langu akazisoma karatasi za gari, akaitazama risiti ya shemeji, akanirudishia kama mzazi anayekurudishia shati lisilomtosha mwanawe.

"Sisi," akaniambia, "hapa unalipa asilimia kumi na tano ya bei uliyonunulia."

Sisi kwao ni dada. Kwa masikio yangu mimi mtu wa Mwanza, ilikuwa kama tunachanga wote. Nikamwambia imeshalipwa. Akasema ndiyo, imelipwa Eswatini, na mwenye gari wa kwanza, kwa serikali ya Eswatini. Forodha sidaiwi, kwa sababu nchi hizi mbili hazitozani forodha. Ninachodaiwa ni kodi ya mauzo ya Afrika Kusini, kwa kuwa nimenunua nje na ninaingiza ndani.

Nikamwonyesha kwamba bakki hiyo iliundwa humu humu Afrika Kusini. Akasema anajua. Ikavuka ikiwa mpya, inarudi na mikwaruzo, inatozwa kama mgeni. Mimi kutozwa kama mgeni nimezoea. Gari lililozaliwa hapa kutozwa hivyo, sikutegemea.

Jirani akaninong'oneza: "Mama, lipa tu. Tukiiacha hapa, kesho tutaikuta inakalia matofali."

Nikalipa. Pesa hiyo ilikuwa ya vitambaa. Oda za wazazi nimeshazipokea, malipo ya awali nimeshayala, na mwenye duka la jumla hakopeshi mtu, hata umlilie. Shule zikifunguliwa sina sare, wazazi wale wataenda kwa mwingine na hawatarudi.

Njiani jirani akaacha mluzi. "Sisi kwetu Bukavu, ushuru, kodi, yote tunasemaka *takse*," akasema. "Neno moja, linauma mara moja."

Jumapili iliyofuata, shemeji akiwa ameshahamia huku, nikamkamata nje ya kanisa, Biblia mkononi.

"Ulisema ushuru umelipwa."

"Na ulilipwa. Risiti si nilikupa?"

"Ushuru ni wa forodha, shemeji. Nilikuuliza habari za mpakani."

"Kwetu ushuru ni kila kitu unachoilipa serikali. Uliuliza ushuru, nikakujibu ushuru. Hukuuliza kodi."

"Ningeuliza kodi ungeniambia nini?"

"Kwetu kodi ni ya nyumba. Analipwa mwenye nyumba."

"Basi mwenye nyumba wa pale mpakani nimemlipa, miezi yote aliyokuwa anakudai wewe."

Mkewe akacheka, akajiziba mdomo kwa kitenge. Mimi sikucheka. Mtu huyu ni mhasibu. Anajua gari likivuka mpaka linakuwaje. Alimsikia fundi cherehani akimwuliza mara mbili kama atasimamishwa, akajibu neno badala ya kujibu swali. Akasema tuliweke jambo hili kwenye maombi, kisha akatoa mfukoni noti tano za mia mbili, "za soda." Soda ya elfu moja sijawahi kuinywa. Nikamrudishia noti zake, kwa sababu ningezipokea, hesabu ingefungwa pale pale.

Nilichomwambia hapo nje ya kanisa, na nilichomtumia tena kwa simu jana bila kujibiwa, ni hiki: neno lilikuwa lako, sikio lilikuwa langu, tugawane hasara. Nusu yake ni elfu sita na mia tatu, na mwenye duka akiziona atanifungulia marobota ya kuanzia. Shemeji, nirudishie hizo wiki hii, kabla vitambaa vya bluu havijaisha.