Vipande Saba Visivyolika

Maabarani walimwita Bi Mizani. Walimtania kwamba hata chumvi ya mboga lazima aipime mara tatu. Alirudi kazini siku ya nne baada ya kumzika mumewe, na mkuu wa maabara, ambaye wote walimwita Daktari, akampokea mlangoni.

"Pole sana, dada. Si ungepumzika kidogo?"

"Nyumbani nitafanya nini, Daktari?"

Akavaa koti lake jeupe. Kazi yake ilikuwa kuchovya vipande vya plastiki ya poliesta, vyembamba kama ganda la kitunguu, ndani ya maji yenye kimeng'enya, kiambata cha kuvunjavunja plastiki, kisha kuvipima kila wiki aone vimelika kiasi gani. Plastiki hiyo ingetumika kutengenezea mifuko ya miche, ya kuozea udongoni.

Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vipande vyote saba havikupungua hata chembe. Daktari akakunja uso.

"Dada, kwa hali uliyo nayo, huenda ulisahau kutia kimeng'enya. Binadamu tunasahau."

Wenzake wakainamisha vichwa. Zamani angewaka. Siku hiyo maneno yalimpita kama yanamhusu jirani. Alitoa kipande kimoja, akakiinua dirishani. Kilipaswa kupitisha mwanga. Kilikuwa cheupe kama ukungu.

"Kimejaa fuwele, chembe ngumu zilizojipanga," alisema. "Kimeng'enya hula sehemu laini. Fuwele zikibanana, hakipati pa kung'ata. Joto ndilo huzileta. Hivi vilipigwa joto kabla sijavichovya. Nilipokuwa msibani, nani alivihamisha?"

Daktari aliweka kalamu mezani.

"Mimi. Niliogopa unyevu, nikaviweka kwenye kabati la joto. Siku tano." Akavua miwani. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nisamehe, dada, mbele ya hawa wote."

"Yameisha."

Hakuona furaha wala kinyongo. Walitengeneza vipande vipya, wakavipoza haraka, naye akavihifadhi kwenye jokofu hadi siku ya kuvichovya. Wiki ya sita alichuja maji ya chupa ya mwisho. Karatasi ya kuchujia ikabaki tupu. Akaandika sifuri: plastiki yote ilikuwa imelika. Daktari alipiga makofi, yeye akaenda kuosha chupa.

Jioni wifi yake, aliyekuja kukaa naye, alimkuta amesimama jikoni na viatu vya kazini.

"Wifi, umekula leo?"

Alitazama viatu vyake. "Sijui."

Wifi akavuta viti viwili, akapakua. Wakala. Bi Mizani alimaliza sahani yote, akaomba maji.