Mwanya wa Mama

Mama aliteleza kwenye matope ya kijijini kwetu Kyimo akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Mkungu ulipona. Meno yake manne ya mbele hayakupona, na ule mwanya uliomfanya marehemu baba atoe ng'ombe wote wa mahari walioombwa bila kubisha ukaondoka nayo. Akaanza kucheka na khanga mdomoni, halafu akaacha kabisa kucheka. Iliniuma sana.

Soko huria lilikuwa limeshatuletea kliniki ya meno ya mtu binafsi pale Tukuyu mjini. Daktari alimwingizia mama kijidude chenye taa, akakizungusha taratibu, na kinywa chote kikatokea kwenye kompyuta, kikigeuzwa huku na huku.

"Gwe daktari, huyo ni mimi?" mama akauliza. "Funga basi, watu wanaona."

Meno yakaja kutoka Dar: meupe, yamebanana, hata uzi haupiti. Mama akajitazama kwenye kioo, akayatoa, akayaweka mezani.

"Haya ni ya mtangazaji wa televisheni. Nikifika nayo mbinguni, baba yako atanipita kama hanijui."

Daktari akaeleza kwamba mashine haiwezi kukisia mwanya ambao haikuuona. Mama akanigeukia. Nina mwanya uleule, nimeurithi kwake, na wenzangu kwenye kiwanda cha chai wamenitania vya kutosha.

"Kaa hapo," akaniambia. "Fungua mdomo."

Nikakaa, mtu mzima na ndevu zangu, nikamulikwa hadi magego.

Tulipofuata meno ya pili, mama alijitazama kwenye kioo, kisha akacheka mpaka nesi akaja kuchungulia. Mimi nikatoka nje, nikasingizia vumbi machoni. Mvua ilikuwa inanyesha.

Daktari akamwagiza ayatoe kila anapolala, ayaweke kwenye glasi ya maji.

"Na nikifia usingizini?" mama akauliza.

Daktari akatafuta kalamu yake, iliyokuwa mkononi.

Tangu hapo kila jioni nampigia simu kumuuliza kama ameshayatoa.

"Yako kwenye glasi, mwanangu," ananijibu, na ile "s" inapiga mluzi kwenye mwanya kama zamani.

Nasikia vizuri kabisa. Simgombezi, namtakia tu usiku mwema. Baba asije akampita.